Mcheza kwao hutuzwa, Mzee Ojwang' je?

Na Mwandishi Wetu, Lamu

Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, baada ya swala ya isha. Dele la kahawa limekwisha zunguka mara mbili na sahani ya kashata imebaki chembe. Punda wa mwisho amepita na mzigo wake kuelekea Langoni. Kijana mmoja anachomoa simu, anaiegemeza kwenye nguzo ya baraza na kuongeza sauti.

Video ni ya zamani. Picha imepauka, sauti inakwaruza. Mzee mmoja anamfokea mkewe, mke anamrudishia neno moja tu, mzee ananywea. Waliokuwa wakibishana juu ya bei ya mafuta ya mashua wananyamaza. Kisha kicheko kinapasuka, na mzee aliyekaa pembeni anajifuta machozi kwa ncha ya kikoi.

Aliye ndani ya simu ile alifariki dunia Jumapili, Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Jina alilopewa na wazazi wake ni Benson Wanjau. Wakenya walimjua kwa jina la Mzee Ojwang'.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Harusini mwimbaji akikuna roho za watu, wanawake huinuka na noti mkononi, wakamtunza papo hapo mbele ya hadhira. Hakuna anayengoja mwisho wa mwezi. Mwenye kufurahi hutoa, mwenye kufurahisha hupokea, na kila mtu huona.

Je, aliyewachekesha watu wa nchi nzima kupitia runinga, kwa zaidi ya miaka 20, nani alimtuza? Na kicheko cha usiku huu hapa Mkunguni, tuzo yake inakwenda kwa nani?

Mkikuyu aliyekuwa Mjaluo

Wanjau alijulikana zaidi kupitia Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC. Mwenzake mkuu alikuwa Mary Khavere, ambaye nchi nzima ilimwita Mama Kayai. Kwa watazamaji wengi wawili hawa walikuwa mume na mke, na kuna waliokataa kuamini kwamba nje ya runinga kila mmoja alikuwa na nyumba yake.

Ojwang' ni jina la Kijaluo. Lafudhi ilikuwa ya Kijaluo, na majigambo yalikuwa yale ambayo Wakenya hupenda kuwataniana nayo Wajaluo. Mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Khavere naye ni Mluhya, lakini Mama Kayai alisikika Mjaluo hasa.

Kazi hiyo si nyepesi. Ulimi wa Mkikuyu unapojikwaa katika Kiswahili, huchanganya "r" na "l". Ulimi wa Mjaluo hujikwaa kwingine: "shule" huwa "sule" na "shamba" huwa "samba". Basi Wanjau alipaswa kusahau pale ulimi wake ungejikwaa kwa asili, ajikwae kwa makusudi pale ulimi wa jirani yake hujikwaa, tena bila kupoteza mkondo wa mzaha. Anayedhani ni rahisi na ajaribu dakika moja mbele ya watu.

Kuna jambo kubwa kuliko lafudhi. Katika nchi ambayo siasa zimewagonganisha Wakikuyu na Wajaluo mara kwa mara, na ambayo ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100, Mkikuyu mmoja aliingia sebuleni mwa watu kila wiki akiwa Mjaluo. Wajaluo wakamchukua kama wao. Wengi walikuja kulijua jina lake halisi siku alipougua, na wengine siku alipokufa.

> Mkikuyu mmoja aliingia sebuleni mwa watu kila wiki akiwa Mjaluo, na Wajaluo wakamchukua kama wao.

Zama za idhaa moja

Msomaji aliyezaliwa juzi hana budi kukumbushwa hali ilivyokuwa. Runinga ilianza nchini Kenya mwaka 1962. Mwaka 1964 serikali iliitwaa ikawa Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 kituo cha runinga kikafunguliwa Mombasa. Ikawa KBC mwaka 1989 kwa sheria ya Bunge. Mpaka KTN ilipoanza Nairobi mwaka 1990, hapakuwa na kituo kingine.

Maana yake ni kwamba mchekeshaji wa idhaa hiyo hakuwa na mshindani. Mwenye runinga katika mtaa alikuwa mwenyeji wa mtaa. Watoto walikaa chini kwenye mkeka, wakubwa wakakaa kwenye viti, na waliochelewa wakachungulia dirishani.

Vitimbi haikuwa peke yake. Palikuwa na Vioja Mahakamani, kipindi ambacho kila kesi iligeuka kuwa mzaha na hakimu alihitaji subira ya nabii. Vipindi hivi vilijengwa kwa Kiswahili wakati ambapo wakubwa wa nchi waliona Kiingereza ndicho chenye heshima. Hadithi zilikuwa za watu wa kawaida: deni la dukani, mke mwenye akili kuliko mume, tapeli aliyetapeliwa.

Kiswahili chake masikioni mwa Waamu

Lakini hapa Lamu lipo neno ambalo huwezi kulisikia Nairobi. Visiwa hivi ni moja ya tanuri za kale za Kiswahili. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728. Mwana Kupona binti Mshamu, naye wa upande huo huo wa Pate, alimtungia bintiye utendi wa wasia mwaka 1858. Mwamu akikuita husema "ndoo", si "njoo". Macho kwake ni "mato", na leo ni "yeo".

Mtu wa lugha hiyo akimsikia Ojwang' akiuvunja usemi, afanye nini? Wako wanaosema vichekesho vya bara viliifanyia lugha dhuluma mbili. Kwanza vilifundisha watoto kwamba Kiswahili ni lugha ya mzaha, na kwamba mtu wa maana akitaka kusema jambo la maana atahamia Kiingereza. Pili, Mpwani mwenyewe alipoingizwa katika mzaha huo, alipewa nafasi ya mvivu, mwenye maneno marefu, au mganga mwenye hirizi.

Upande wa pili unajibu hivi: Kiswahili sanifu chenyewe hakikutoka Lamu. Kilijengwa juu ya Kiunguja na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1930, na Kiamu kikaachwa kando na watu wenye digrii, wala si na wachekeshaji. Ojwang' hakumcheka Mwamu. Alichekesha kwa kosa la mtu anayejifunza lugha ya wenzake na haoni haya kuisema. Watu wa Kisumu, Nyeri na Kakamega walikaa mbele ya runinga wakafuata hadithi nzima kwa Kiswahili, na ndani ya makosa yale wakaokota msamiati.

Mwandishi wa makala haya anaegemea upande huu wa pili, kwa sharti moja. Kosa la Ojwang' lilikuwa la kuchaguliwa, na huwezi kukosea kwa ustadi lugha usiyoijua. Malalamiko juu ya sura aliyopewa Mpwani yabaki pale pale, kwa kuwa dawa yake ni Wapwani kuandika na kuigiza vyao wenyewe. Tutalirudia hilo.

Tuzo iliyokatika njiani

Miaka michache kabla ya kifo chake, habari zilienea kwamba macho ya Mzee Ojwang' yanafifia. Mtu aliyewafanya watu watazame, mwenyewe hakuweza kuona vizuri. Michango ikaitishwa hadharani ili atibiwe.

Wakenya walitoa, na kutoa ni sifa. Lakini mchango wa ugonjwani si tuzo. Tuzo humfikia mtu akiwa wima jukwaani, kwa sababu amefanya kazi njema. Mchango humfikia akiwa amelala, kwa sababu tumemhurumia. Tuzo haimtoi mtu jasho la aibu, lakini mchango wakati mwingine humtoa.

Tena si yeye peke yake. Ng'ambo ya mpaka, Amri Athumani wa Tanga, aliyejulikana kama King Majuto, alifariki dunia Agosti 8, 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, baada ya matibabu yaliyomfikisha India. Mwaka huo huo malalamiko kuhusu malipo yake ya matangazo ya biashara yalimfanya waziri wa habari na sanaa wa Tanzania wakati huo, Harrison Mwakyembe, aunde kamati ya kupitia mikataba ya wasanii. Kamati ilihusu haki ya mtu aliyekuwa tayari kitandani.

Runinga ndiyo iliyoukata mkono wa kutuza. Katika harusi ya Mkomani hapa Lamu, mwenye kucheka na mwenye kuchekesha wako ua mmoja. Kwenye runinga, mmoja yuko studio Nairobi na mwingine yuko Faza kisiwani Pate. Katikati yao kuna kituo, mtangazaji wa biashara na kanda. Fedha ya furaha yetu ilipita katika mikono hiyo mitatu, na mchekeshaji alikuwa mwisho wa foleni.

> Tuzo humfikia mtu akiwa wima jukwaani. Mchango humfikia akiwa amelala kitandani.

Kanda ni ya nani?

Wenye vituo wana hoja zao, na haki ni kuzisikiliza. Kutengeneza kipindi ni gharama: kamera, taa, magari, wahariri. Mwenye kutoa mtaji ndiye anayebeba hasara kipindi kisipopendwa. Mwigizaji hulipwa kwa siku au kwa kipindi, kinachopendwa na kisichopendwa sawasawa. Na shirika la umma lina mizigo yake: KBC imekokota kwa miongo deni la mkopo wa Japani wa mwaka 1989 lililovimba mpaka likawa mabilioni ya shilingi.

Husema pia kwamba runinga hulipa kwa umaarufu, na umaarufu ni mtaji. Mfano upo. Felix Odiwuor, Jalang'o, alitokea katika kipindi cha Papa Shirandula cha runinga ya Citizen, na mwaka 2022 wapiga kura wa Lang'ata walimpeleka Bungeni. Charles Bukeko, Papa Shirandula mwenyewe, alionekana hata katika tangazo la Coca-Cola lililozunguka Afrika, kabla ya kufariki kwa Covid-19 Julai 18, 2020.

Waigizaji nao hujibu: umaarufu hauliwi. Tena una gharama. Uso wako ukijulikana, nauli inapanda kwa sababu huwezi kubanana katika matatu bila kuombwa picha, na kila jamaa anaamini una fedha. Kipindi hurudiwa wiki hii na mwaka ujao, matangazo yanauzwa katikati yake, nawe umelipwa siku moja ya kazi. Mvuvi akiuza samaki hauzi na bahari.

Hapo ndipo ugomvi wote ulipo. Kituo kinasema kilinunua samaki. Mwigizaji anaona kimechukua na bahari.

Sheria inasemaje

Kwa miaka mingi sheria za dunia zilimwegemea mwenye kanda. Mkataba wa Roma wa mwaka 1961, unaolinda wasanii, watayarishaji na watangazaji, una kifungu cha 19 kinachosema kwamba msanii akishakubali kurekodiwa katika picha na sauti, ulinzi wake chini ya mkataba huo unakoma. Mwimbaji wa santuri alibaki na kitu. Mwigizaji alitoka mikono mitupu.

Pengo hilo lilikuja kuzibwa na Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, unaompa mwigizaji wa filamu na runinga haki juu ya uigizaji wake uliorekodiwa. Ulianza kufanya kazi Aprili 28, 2020. Ojwang' alikuwa na karibu miaka mitano kaburini.

Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 imetaja ulinzi wa mali ya ubunifu katika kifungu cha 40. Ipo Bodi ya Hakimiliki, na yamekuwapo mashirika ya kukusanya mirabaha ya wasanii, likiwamo PRISK. Lakini leseni za mashirika hayo zimezozaniwa mara kwa mara, na msanii aliye Lamu, mwendo wa siku nzima kutoka ofisi za Nairobi, huwa wa mwisho kupata habari.

Sheria hata ikiwa nzuri, haiwezi kufufua karatasi uliyokwisha kutia sahihi. Mkataba ukisema umeuza haki zote milele, hakimu atasoma milele.

Mke na mume walioshika kanda

Marekani kuna kisa ambacho kila mchekeshaji angepaswa kusimuliwa. Mwaka 1951, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walikuwa wakianza kipindi cha I Love Lucy. Wakati huo vipindi vingi vilirushwa moja kwa moja na kupotea hewani. Wao walitaka kurekodi kwa filamu, jambo lililoongeza gharama. Wakakubali kupunguziwa malipo, lakini kwa sharti: filamu ziwe mali ya kampuni yao, Desilu.

Wengi waliona wamekula hasara. Baadaye ikadhihirika kwamba watu wako tayari kutazama kichekesho kile kile mara ya pili na ya kumi, na kwamba fedha kubwa ya kichekesho iko katika marudio. Mke na mume wale wakawa matajiri kwa sababu walijua kanda ni nini.

Hata huko vita havijaisha. Mwaka 2023 waigizaji wa Marekani waligoma kuanzia Julai 14 hadi Novemba 9, siku 118, na sehemu kubwa ya ugomvi ilikuwa malipo ya kazi zinazotazamwa tena na tena mtandaoni. Nao walikuwa na chama chenye nguvu. Ojwang' alikuwa na Mama Kayai.

Lamu ni pazia tu?

Turudi kisiwani. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na wapiga picha wanaupenda. Vichochoro, milango ya nakshi, tanga la dau jioni: kila kamera hupata chakula chake. Filamu ya Subira, ya msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, iliongozwa na Ravneet Chadha, ikaigizwa na Brenda Wairimu, na mwaka 2019 Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar.

Ni fahari. Lakini mara nyingi visiwa hivi huonekana kwenye skrini kama pazia la nyuma. Nyumba zetu zinaigiza kuliko sisi. Kaunti hii ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019. Katika hao, wachekeshaji hawakosekani. Anayetaka ushahidi akae gatini akisikilize kisa cha nahodha aliyekwama mchangani maji yakitoka, au aende kwenye mbio za punda aone anavyosimangwa aliyeshindwa.

Kanuni za utangazaji za Kenya zinavitaka vituo vitenge angalau asilimia 40 ya vipindi kwa kazi za nchini. Nafasi hiyo inaweza kujazwa na Nairobi peke yake, au inaweza kuwa na nyumba ya Kiamu, yenye bibi mkali wa Siyu na mjukuu anayemjibu kwa Kiswahili cha simu. Hapo ndipo yale malalamiko juu ya sura ya Mpwani yatapata dawa.

Simu mkononi, masharti mfukoni

Vijana wa visiwani hawakungoja kituo. Wanarekodi vichekesho kwa simu na kuviweka mtandaoni. Mtu anaweza kudhani mkono wa kutuza umerudi: mwenye kucheka na mwenye kuchekesha wamekutana tena bila dalali.

Dalali yupo, amebadilisha nguo tu. YouTube haigawi fedha za matangazo mpaka uwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 katika siku 90. Ukivuka hapo, serikali inakungoja: Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya kidijitali. Kampuni ikikuletea tangazo, huja na karatasi ya Kiingereza yenye kurasa nyingi na kalamu iliyofunguliwa tayari.

> Dalali yupo bado, amebadilisha nguo tu.

Kwa hiyo, kijana wa Mkomani, Matondoni au Kizingitini unayechekesha watu, sikiliza ya mkubwa wako. Kabla ya kutia sahihi, uliza maswali matatu: wananunua kazi hii kwa muda gani, kwa nchi zipi, na ikirudiwa utalipwa nini? Wasipojibu, usiandike. Hifadhi nakala ya kila mkataba na ya kila video. Lipia bima ya afya ukiwa mzima. Kwa asiyeajiriwa, mchango wa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, huanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hizo ni rahisi kuzipata leo kuliko harambee ya kesho.

Kwa serikali ya kaunti: Ngome ya Lamu iliwahi kuwa jela mpaka mwaka 1984, na leo ni makumbusho na ukumbi. Mahali palipofungiwa watu panaweza kufundishiwa watu. Mwanasheria mmoja wa hakimiliki, siku moja kila miezi mitatu, angetosha kuanzia.

Na kwako msomaji, unayecheka barazani na simu mkononi: mtuze anayekuchekesha wakati angali anakuona. Mzee Ojwang' tulimchangia macho yalipokuwa yamekwisha fifia.